Habari Hufika, Jibu Hubaki Njiani: Magazeti Yetu na Zama za Simu

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na vyakula peke yake. Namna watu wanavyopashana habari, namna wanavyozipima, na namna wanavyozijibu, hiyo nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama magazeti yetu ya Kiswahili, pamoja na redio iliyo ndugu yake, katika safari yake ya kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye simu ya mkononi. Hatutayatazama kwa jicho la fundi wa mitambo, kwani sisi si mafundi wa mitambo. Tutayatazama kwa jicho la msomaji anayeishi mbali na jiji, hapa Mazwi mjini Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Na kwa jicho la mtunzi ambaye shairi lake la kwanza lilitolewa na gazeti. Swali letu ni moja: katika kuhama huko, magazeti yetu yamebeba nini, na yameacha nini?

Anayetaka kulielewa swali hilo sharti aukumbuke umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilometa 1,100. Kabla ya lami kufika, gazeti lilipakiwa Dar es Salaam, likafika Mbeya, likapita Tunduma, kisha likapanda mlima kuja huku kwa barabara ya vumbi, ambayo wakati wa masika iligeuka tope. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa wanafunzi wa sekondari, gazeti la Jumatatu tulilisoma Alhamisi na kuliita jipya. Nakala moja ilitosha baraza zima. Mwenye macho mazuri na sauti nzuri alisoma, wengine wakasikiliza na kukatiza kwa maswali. Likitoka hapo lilikwenda kwa fundi cherehani, kisha kwa mwalimu, na mwisho wa safari yake likafungiwa maandazi.

Lakini kulikuwa na safari ya pili, ambayo watu wengi husahau kuitaja. Basi lililoleta gazeti lilirudi na barua. Ndani ya barua hizo yalikuwamo malalamiko juu ya bei ya mahindi, majibu kwa mwandishi fulani aliyekosea jina la mto, na mashairi; mashairi mengi sana. Majuma kadhaa yalipita. Halafu siku moja, mwenye kusoma barazani alinyamaza ghafla, akainua uso, akasema: "Huyu ni wa hapa kwetu." Palikuwa na jina la mtu wa Ufipa, na sanduku lake la posta, limepigwa chapa katika ukurasa wa wasomaji, kwa herufi zilezile zilizotumika kuandika maneno ya mawaziri. Mtu huyo hakuwa amepata kufika Dar es Salaam. Sauti yake ndiyo iliyofika.

Ukurasa huo una historia ndefu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na humo kalamu ya Shaaban Robert (1909-1962) ilipata wasomaji. Lilikuwa gazeti la mtawala, nalo lilisema aliyoyataka mtawala. Hata hivyo, mlango wa mashairi ulipokwisha kufunguliwa, watu waliingia na mambo yao wenyewe. Uhuru, lililoanza mwaka 1961, na Mzalendo, lililofuata mwaka 1972, yaliendeleza desturi hiyo. Mathias Mnyampala (1917-1969), mwana wa Ugogo na mtumishi wa serikali kama sisi, aliwaunganisha watunzi katika chama cha UKUTA. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, watunzi wa mikoani walilieleza kwa vina na mizani, na ngonjera zikaingia mashuleni. Nayo Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa na kipindi cha Malenga Wetu, ambamo mtunzi wa kijijini aliweza kulisikia shairi lake likighaniwa, na majirani wakaja kumpa mkono kana kwamba ameoa.

Yafaa ieleweke kuwa ukurasa huo ulikuwa na kanuni zake. Kanuni ya kwanza, mwandishi alitaja jina lake na mahali alipo. Hata aliyejipa lakabu ya utunzi alijulikana na mhariri. Kanuni ya pili, aliyejibu alijibu hoja, na katika mashairi aghalabu alijibu kwa bahari ileile na vina vilevile vya mwenzake. Kanuni ya tatu, kati ya wanaojibizana alikaa mhariri, ambaye alipunguza, alisahihisha na wakati mwingine alikataa. Wale wasiotunga hawajui faida ya kanuni hizi. Mtu hawezi kumtukana mwenzake kwa mizani kumi na sita bila kufikiri kwanza. Ile kazi ya kutafuta kina humpoza hasira, na mara nyingi, akifika ubeti wa tatu, huona kwamba hoja yake mwenyewe ina tundu.

Hatutaki kuupamba ukurasa huo kupita kiasi. Sifa tupu zilijaa humo, na beti nyingi zilizowatukuza wakubwa zimekufa pamoja na siku zilipoandikwa. Kulikuwa na mambo ambayo mhariri asingethubutu kuyatoa, na wanawake walioandika walikuwa wachache. Lakini pamoja na kasoro hizo, ukurasa wa wasomaji ulikuwa ndiyo barabara pekee iliyowawezesha watu wa pembezoni kulijibu taifa lilipowasemesha. Hilo ndilo jambo tunalolitetea hapa.

Wako watakaosema kwamba sisi wazee huogopa kila chombo kipya. Sivyo. Redio nayo ilipata kuwa kitu kipya. Ilianza kusikika Dar es Salaam mwaka 1951, na miaka ishirini baadaye ilikuwa imejifunza kutenda jambo ambalo magazeti peke yake yasingeliweza. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa majuma kumi na mawili. Watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kitabu kilichochapishwa kwa ajili hiyo, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha visima. Ndugu msomaji na aangalie jinsi kazi ilivyogawanywa: redio ilileta sauti upesi, karatasi ikayashika maneno yasipotee, na kikundi kikatoa jibu. Hakuna chombo kilichomfukuza mwenzake. Kwa hiyo hatuwezi kukihukumu chombo kwa upya wake. Tunakihukumu kwa kuuliza kama kinampa nafasi yule anayesikiliza naye aseme.

Tuje basi kwenye zama hizi. Haki inatutaka tuanze na sifa, kwani sifa zipo. Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa gazeti la Daily News, alianza mwaka 2005 kuweka picha na habari kwenye mtandao, na Watanzania walio ng'ambo wakapata mahali pa kuona nyumbani. Magazeti yenyewe yalifuata. Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, na HabariLeo, lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 na Kampuni ya Magazeti ya Serikali, leo husomwa kwa karatasi na kwa simu. Televisheni nayo ilibadilika: mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na ya dijitali ikashika nafasi yake. Hata barabara yetu ya Tunduma hadi Sumbawanga ilitiwa lami. Lakini habari haikuisubiri lami hiyo, ilipita hewani. Leo kijana wa Mazwi huisoma habari ya Bunge kabla mbunge mwenyewe hajaketi kula chakula cha mchana. Mkulima wa maharage huijua bei ya Mbeya kabla ya kupakia magunia. Mwenye macho mabovu husikiliza habari iliyosomwa kwa sauti, naye asiyejua kusoma hutazama picha zinazotembea. Ujinga wa siku tatu, uliokuwa ukitutenga na wenzetu wa pwani, umekwisha. Anayelia kwamba enzi za basi la vumbi zilikuwa bora kuliko hizi, huyo hakuwahi kusukuma basi hilo.

Baada ya sifa, tuje kwenye kasoro. Tumeziona tatu, nazo zinatokana na mzizi mmoja.

Kasoro ya kwanza ni vichwa vya habari. Katika karatasi, kichwa cha habari kilikuwa mlango wa nyumba: ukiuona unajua kilichomo. Katika simu, kichwa kimekuwa ndoano. Gazeti linahesabu vidole vilivyoligusa, na kwa hesabu hiyo linalipwa na wenye matangazo; kwa hiyo linaandika kichwa kinachoahidi ajabu, na ndani msomaji hukuta mistari mitano isiyo na ajabu wala habari. Sisi wa Ufipa tunaulipa mchezo huu kwa heshima yetu. Jina la Sumbawanga, kwa maelezo yanayosimuliwa na wengi hapa, maana yake ni kutupa uchawi. Ni jina la watu walioukataa uchawi. Lakini mhariri aliye mbali, mwenye njaa ya vidole, anajua kwamba akiandika "Sumbawanga" na "uchawi" katika mstari mmoja, nchi nzima itagusa. Mahali penye mashamba ya mahindi na maharage, penye historia ya wafua chuma, pamefanywa kuwa kichekesho cha taifa. Mtoto wetu anayekwenda kusoma mkoa mwingine anatajiwa mji wake, na wenzake wanajisogeza wakicheka.

Hapo ndipo kasoro ya pili inapoonekana. Tukisemwa hivyo, tutajibu wapi? Zamani tungeandika barua, au shairi la beti nane, na mhariri aliyetoa kichekesho angeona haya asitoe jibu. Leo, chini ya habari, ipo nafasi iitwayo maoni. Tumewahi kuingia humo. Tuliandika aya moja yenye adabu, tukaeleza maana ya jina la mji wetu, tukaweka jina letu. Aya yetu ilikaa kati ya vicheko, matusi na tangazo la mtu anayeuza dawa ya nguvu. Wenye matusi hawakuwa na majina. Baada ya saa moja, mamia ya maoni mengine yalikuwa yameifunika, na hakuna mtu wa gazeti aliyeonekana kuwa ameisoma. Watasema kwamba sasa kila mtu anaruhusiwa kusema. Ni kweli. Lakini kuruhusiwa kusema na kusikilizwa ni mambo mawili. Sokoni kila mtu anaruhusiwa kupiga kelele. Barazani mtu hupewa zamu.

Kasoro ya tatu ni kumbukumbu. Tunalo jalada lenye vipande vya magazeti, kikiwemo kile cha shairi letu la kwanza. Karatasi imekuwa ya manjano kama tumbaku, lakini kila herufi ipo, makosa yake yakiwemo. Miaka michache iliyopita tulituma shairi kwa barua pepe kwa gazeti moja, nalo likaliweka katika tovuti yake. Tulifurahi, tukawaonyesha watoto. Mwaka uliofuata tovuti hiyo ilitengenezwa upya, na shairi likatoweka pamoja na ukurasa wake wote. Tulipouliza, tulijibiwa kwa upole kwamba ya zamani hayakuhamishwa. Shairi letu si kitu. Lakini katika ukurasa ule palikuwa na watunzi wengine, na pengine mmoja wao alikuwa Shaaban Robert wa kesho. Tena habari za mtandaoni hubadilishwa usiku pasipo kutajwa kwamba zimebadilishwa, hata aliyesoma asubuhi na aliyesoma jioni wakabishana kumbe wote wawili ni wakweli.

Tulisema mzizi wa kasoro hizi ni mmoja. Mzizi wenyewe ni huu: magazeti yetu, katika kuhamia kwenye simu, yamehamisha habari na kumwacha mhariri wa wasomaji njiani. Mwandishi wa habari alihamishwa, mpigapicha alihamishwa, mtu wa matangazo alihamishwa wa kwanza kabisa. Yule aliyefungua bahasha kutoka Sumbawanga, Kigoma na Lindi, akasoma, akachagua, akampa kila mtu zamu yake, hakupewa kiti katika nyumba mpya. Kazi yake imeachiwa mashine, na mashine haijui tofauti ya hoja na kelele. Inajua wingi tu.

Wapo wanaodai kwamba ukurasa huo ulikufa wenyewe, kwa sababu vijana hawapendi tena mashairi ya vina na mizani. Hoja hii tuliwahi kuisikia kwa sura nyingine. Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na wengi wakakishika kama msahafu wa fani. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyovunja sheria hizo. Wazee wa fani walikasirika, vijana wakashangilia, mabishano yakaendelea kwa miaka. Sisi tulikua upande wa wazee, na hadi leo tunatunga kwa vina. Lakini lazima tukiri kwamba ushairi haukufa. Ulipata nyumba mbili badala ya moja. Umbo linaweza kubadilika na sanaa ikabaki, maadamu mtunzi na msikilizaji bado wanaonana uso kwa uso.

Wala si kweli kwamba watunzi wamelala. Wametangulia mbele ya magazeti. Sisi wenyewe tumo katika kundi la WhatsApp la washairi, lenye watu wa Tanga, Unguja, Mombasa na bara yote. Mtu huweka shairi jioni, na kabla ya kulala huwa amepata majibu matatu, kwa vina vilevile, na mzee mmoja wa kundi hukaa kama mhariri, akiwaonya waliopungukiwa mizani. Kanuni zote tatu za ukurasa wa zamani zimo humo. Kijana mmoja wa Ufipa, ambaye hajawahi kushika gazeti la karatasi la Mzalendo, ametushinda hapo kwa hoja na kwa vina. Kilichopungua ni hadhara. Kundi ni chumba kilichofungwa mlango, taifa halisikii. Na simu ya mtu ikiibwa, diwani yake yote imeibwa.

Kwa hiyo hatuna budi kutoa mapendekezo, kwani kulaumu pasipo kupendekeza ni kazi ya mtu mvivu.

Kwanza, kila gazeti lenye tovuti limteue mhariri wa wasomaji, mtu mwenye jina, ambaye kila juma atachagua barua na mashairi machache, yenye majina na mahali pa waandishi, na kuyaweka mbele, si chini ya habari. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja. Pili, mkoa unapoandikwa vibaya, jibu la wenyeji lipewe ukubwa ule ule wa habari iliyowaumiza, na habari iliyosahihishwa iandikwe kwamba imesahihishwa, na lini. Tatu, Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 iliwataka wachapishaji wapeleke nakala za kazi zao katika maktaba ya taifa. Roho ya sheria hiyo na ifuate maandishi yanakokwenda, ili magazeti ya mtandaoni nayo yahifadhiwe, pamoja na kurasa zake za wasomaji. Nne, redio zetu za mikoani, ambazo kila asubuhi huwasomea watu vichwa vya magazeti, zitenge robo saa kwa juma kuyasoma majibu ya wananchi. Ni desturi ya Malenga Wetu na ya Mtu ni Afya, ikirudi kwa mavazi mapya.

Mkulima wa Ufipa anajua namna ya kutoka msimu mmoja kwenda mwingine. Mvua zinapokaribia kwisha, hazichomi nyasi wala hazitupi. Huzikusanya, huzifunika kwa udongo, na kufanya vichuguu vya mviringo viitwavyo intumba, vinavyolijaza shamba kama mitungi iliyofudikizwa. Nyasi za zamani huoza ndani yake. Msimu unaofuata huuvunja udongo huo na kuusambaza, na mazao mapya hula nguvu ya nyasi za jana. Mgeni anayepita barabarani huona vichuguu tu; mwenyeji anajua kuna chakula humo.

Magazeti yetu yamefika mwisho wa msimu wa karatasi. Hatuyaombi yarudi nyuma, wala hatulililii basi la vumbi. Tunayaomba yasichome nyasi. Ukurasa wa wasomaji ufunikwe katika udongo wa zama hizi, ili siku moja, barazani hapa Mazwi, kijana anayesoma simu yake anyamaze ghafla, ainue uso, na kusema yale tuliyoyasikia sisi: "Huyu ni wa hapa kwetu."